Jozi Mbili, Kigoda Kimoja

Jumatatu, 8 Juni 2026

Shule imefungwa. Sista Bernadina, anayetufundisha Kiswahili, ametuagiza tuandike shajara likizo nzima, na kila siku tumalize kwa shukrani. Mimi ni mtiifu. Naanza.

Habari kubwa ya leo: Mama Donatus ametamka! Mama Donatus ni fundi wa ngozi hapa Nyasubi, kibanda chake kiko nyuma ya soko. Anashona makobazi, mikoba, na mikanda ambayo wachimba dhahabu huja kuifuata kutoka Geita. Tangu likizo ya Pasaka nimekuwa nikisimama mlangoni kwake, nikinusa ngozi na kujifanya napita. Leo amesema amechoka kuzibiwa mwanga. Likizo hii atamchukua msichana mmoja amfundishe kazi. Mmoja tu, kwa sababu kibanda ni kidogo na kigoda cha ziada ni kimoja.

Nikasema niko tayari hata sasa hivi. Sauti nyuma yangu ikasema hivyo hivyo. Paskalina! Jirani yangu, mwenzangu wa Kidato cha Pili, mwenye mwandiko ule wa kusifiwa. Kumbe naye alikuwa akijifanya anapita.

Mama Donatus alitutazama miguu, si nyuso, kisha akatoa sharti. Kila mmoja atengeneze makobazi yake kwa mikono yake mwenyewe. Jumapili ayavae kwenda misani. Baada ya misa atayakagua, na mwenye jozi bora atakaa kwenye kigoda.

Nyumbani Mama akaongeza sharti lake. Nikikosa kigoda, Jumatatu ijayo napanda basi na Shangazi Lusia kwenda Chato, nikamsaidie kugeuza dagaa juani mpaka shule ifunguliwe. Hataki kuniona nikizurura. Shangazi nampenda sana. Dagaa pia nawapenda, lakini wakiwa kwenye sahani.

Paskalina akikosa, anapelekwa Mhunze kwa babu yake kupura mtama. Nimemwombea aupende mtama.

Shukrani: kigoda kipo na mimi nipo. Kilichobaki ni kidogo.

Jumanne, 9 Juni

Mama Donatus ametugawia kila mmoja mfuko wa vipande vya ngozi iliyosindikwa, mabaki ya kazi zake. Akasema mtu anayeanza aanze na hivi. Paskalina akapokea kwa magoti na kuondoka mbio kama aliyepewa mahari.

Mimi nilivitazama. Vidogo! Kimoja kina umbo la sikio. Nikajiuliza: jozi ya viraka itashindaje jozi iliyokatwa kwenye ngozi moja nzima? Hapo mpango ukanijia. Nilikwenda buchani kwa Masudi. Masudi ni mtu mwema. Aliniuliza ngozi ni ya nini, nikasema ya masomo. Akanipa kipande kinene cha ng'ombe dume, bado kina manyoya, akasema anafurahi sana kuona serikali inafundisha mambo ya maana siku hizi.

Nimekikwangua kwa kisu. Nimekaa kwenye stuli, nikaweka mguu juu ya ngozi na kuchora nyayo kwa mkaa. Nimekata soli na kanda kwa pamoja, kitu kizimakizima, nikakitandaza juu ya banda la kuku na kukigongea vijiti. Jua la Kahama litafanya kazi yake wakati mimi napumzika. Paskalina yeye hajapumzika. Nimemsikia kutwa nzima akigongagonga.

Mama aliporudi sokoni alisimama uani akanusa. Akauliza nani amekufa. Nikamweleza. Akasema basi nikamzike mbali kidogo na jiko.

Shukrani: kwa Masudi, na kwa nzi, ambao wamekuwa wengi lakini hawaumi.

Jumatano, 10 Juni

Jua limefanya kazi yake. Limefanya kupita kiasi.

Makobazi yamejikunja pande zote, ncha kwa ncha, yakawa magumu kama mti. Mguu hauingii. Nilijaribu kuukunja mguu nao ujikunje. Haukukubali. Nikayachukua kwa Mama Donatus nikitumaini kuna dawa.

Alilishika moja. Akaligonga kwa vidole kama mlango, akainamisha sikio na kusema, “Hodi humu ndani!” Wateja wake walicheka mpaka mmoja akaangusha mkanda. Mimi pia nilicheka, kwa adabu.

Kisha akanieleza bila kunicheka. Ngozi mbichi bado ni ng'ombe, haijawa ngozi. Lazima isindikwe kwanza, na hiyo ni kazi ya siku nyingi yenye watu wake. Ndiyo maana alitupa vipande vile. Akauliza mfuko wangu uko wapi. Nikasema nilikuwa nautunza.

Akanitengea kona ya mlango, mahali pasipozuia mwanga, na alasiri yote nimejifunza. Kwanza: usichore mguu ukiwa umekaa. Mguu ukibeba mwili hutanuka, kwa hiyo simama juu ya karatasi, na mwenzako ndiye achore. Amenichora yeye, nikahisi kutekenywa nikavumilia. Pili: usitoboe ngozi kwa kubahatisha. Unabonyeza uma wa mezani kwenye ukingo, uma unaacha alama zilizopangana sawasawa, na juu ya alama hizo unatoboa kwa msharasi, ule msumari wenye mpini wa mbao. Tatu: uzi mmoja, sindano mbili. Moja inatoka huku, nyingine inatoka kule, zinapishana kwenye tundu moja. Ukikatika mshono mmoja, mingine inabaki imeshika.

Mishono yangu ya kwanza ilikuwa kama sisimizi waliomwagiwa maji. Ya katikati ilikuwa kama sisimizi waliopoa. Ya mwisho, jioni, ilisimama mstari! Mama Donatus aliitazama akasema, “Hm.” Watu wa sokoni wanasema hajawahi kumwambia mtu “Hm” siku ya kwanza.

Nilitembea kurudi nyumbani na msharasi wa kuazima, vidole vinauma na moyo mwepesi. Sikujua kama kutoboa matundu kunaweza kumfurahisha mtu hivi.

Shukrani: kwa uma. Kwa sindano mbili. Kwa “Hm.”

Alhamisi, 11 Juni

Mama anatafuta uma wake. Nimemwambia Mungu atauonesha.

Kobazi la kulia limekamilika! Nimelishona lote, soli mbili, kanda tatu, kila mshono kwa sindano mbili. Linaingia mguuni kana kwamba mguu ulikuwa unalisubiri. Nimelivaa peke yake nikazunguka uani. Kuku wamenipisha.

Ningeanza la kushoto mara moja. Lakini fundi mwenye akili huchunguza soko. Nilikwenda kwa akina Paskalina kumsalimia mama yake, ambaye hakuwa mgonjwa. Paskalina alikuwa akipika. Aliponiona alifunika kitu kwa beseni. Nikaomba maji ya kunywa. Alipoingia ndani, nikainua beseni.

Amesuka! Kanda za mbele amezikata nyembamba akazisuka kama nywele, mtindo wa kamba. Vile vipande vidogo vyote, hata cha sikio, vimepata kazi. Nilihisi kitu moyoni ambacho Sista Bernadina hapendi tukiandike. Paskalina akarudi na maji, akaona beseni limekaa upande. Akalirudisha mahali pake. Akanipakulia viazi na maharage, akaniambia nile nisione haya. Nimekula. Vilikuwa vizuri, jambo ambalo limeniongezea uchungu.

Nimerudi nikamkuta Shangazi Lusia amefika kutoka Chato! Amekuja mapema, ati ili tupate muda wa kufunga mizigo yangu. Nikamkumbusha kwamba hakuna aliyeshindwa bado. Akasema, “Mwanangu, mimi sijasema kitu, nimekuja na magunia matupu tu.” Ametuletea pia chupa ya mafuta ya sangara, mazito, rangi ya dhahabu. Anasema wavuvi hupaka viatu vyao, vinalainika na kung'aa.

Vinalainika na kung'aa! Nimelipaka kobazi la kulia mpaka likashiba, na ngozi zote za la kushoto. Rangi imekuwa nzito, ya kifahari. Msuko wa Paskalina hauna mng'aro huo.

Shukrani: kwa Shangazi, ambaye bila kujua ameleta silaha.

Ijumaa, 12 Juni

Paka.

Asubuhi walikuwa kwenye kizingiti. Kabla ya jua kupanda walikuwa juu ya bati, chini ya ngazi na ndani ya beseni la nguo. Sikujua Nyasubi ina paka wote hawa. Mmoja mwekundu, wa bucha la Masudi, aliingia dirishani, akalala juu ya kobazi la kulia na kulilamba kwa mapenzi makubwa. Mama amenipa ufagio. Shangazi amecheka mpaka akakaa chini.

Niliwaza haraka. Nikaziosha ngozi zote kwa sabuni ya unga. Paka waliondoka. Lakini mng'aro nao uliondoka, na ngozi zilianza kukakamaa na kutoa madoa meupe.

Kwa Mama Donatus tena! Alinusa kutoka mbali, akauliza kama nimefungua mwalo wa samaki. Akanifundisha: sabuni ya unga ni ya mashuka. Ngozi iliyozidi mafuta unaisugua kwa pumba kavu za mahindi, zinanyonya taratibu, kisha unaiacha kivulini, kamwe si juani. Alinipa pumba za kuku wake. Nimesugua mpaka mabega yakauma, na kobazi la kulia limerudi, jeusi kidogo kuliko awali, laini, na mishono yake haijatingishika hata mmoja! Alinionesha hilo kwa kidole. Akasema mshono wa haki huoga na kutoka salama.

Ngozi za kushoto hazikuwa na bahati hiyo. Kanda zimenyauka, nikalazimika kukata nyingine kwenye vipande vilivyobaki. Siku imekwisha na kushoto sijatoboa tundu hata moja.

Paskalina amepita akaniuliza kama nahitaji msaada wa kusugua. Nikasema hapana, asante, ndivyo nilivyopanga.

Shukrani: kwa pumba. Kwa kuku walioziacha.

Jumamosi, 13 Juni

Leo imekuwa siku ya kufua, kuteka maji, kupeta mchele wa kesho na kumsuka Shangazi nywele. Kila nilipokaa na msharasi, jina langu liliitwa. Apolonia! Apolonia! Sijui kwa nini walinipa jina refu linalotoa mwangwi mzuri ukutani.

Alasiri nilipata upenyo. Nikapima. Kobazi la kulia lilinichukua alasiri ya Jumatano na nusu ya Alhamisi. La kushoto lina alasiri moja. Haiwezekani kwa sindano. Nikaingiwa na hofu ya kweli. Akilini nilimwona Paskalina amekaa kwenye kigoda changu, na mimi nimesimama juani nikigeuza samaki wasio na mwisho, nikisahau jinsi sindano zinavyopishana.

Ndipo mpango ukaja, mzuri kuliko yote. Gundi! Kanda nimezibandika katikati ya soli mbili, nikaweka jiwe la kusagia juu. Zimeshika barabara. Kilichokosekana ni mishono tu, na mshono ni nini ukiutazama kwa juu? Ni kistari. Nimechukua kalamu nyeusi ya shule na kuichora yote, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata alama za uma. Nimetia na vidoa mahali pa matundu. Imenyooka kuliko ya kulia! Na bado ni kazi ya mikono yangu mwenyewe. Sharti linasema mikono. Halikutaja sindano.

Nimejaribu. Nimetembea chumbani, nimerukaruka, nimezunguka mpaka Shangazi akauliza kama nina malaria. Kobazi limekaa imara. Usiku huu nitalala vizuri.

Shukrani: kwa kalamu, ambayo Baba alinitumia kutoka machimboni Geita akinitakia masomo mema.

Jumapili, 14 Juni

Nitaandika kila kitu. Sista amesema shajara haifichi.

Tuliondoka nyumbani mimi, Mama na Shangazi. Hatua za kwanza zilikuwa za heshima kabisa. Watu walitazama miguu yangu. Paskalina alitukuta njiani na makobazi yake ya kusuka, tukatazamana chini, kisha juu, tukasifiana.

Kitu nilichosahau ni magoti. Barabara ya kwenda kanisani ina wazee, na mzee hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Unakunja goti. Ukikunja goti, kisigino kinainuka, na kiatu kinajikunja pale pale kanda zinapoingia. Jana niliruka na kuzunguka. Sikupiga goti hata mara moja, maana chumbani hakukuwa na mzee.

Shikamoo ya kwanza, kwa mama mkwe wa Mama Donatus: nikasikia “kwachu” ndogo. Shikamoo ya pili: “kwachu” tena. Nilitaka kupita kichochoroni, lakini Shangazi alikuwa ameninyanyulia nyusi. Langoni mwa kanisa alikuwa amekaa Mzee Bujiku, ambaye akisalimiwa anataka kusalimiwa kwa ukamilifu. Nikashuka goti mpaka chini. “Mwangaluka,” nikasema, kwa salamu ya Kisukuma aipendayo. Akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za Baba, za Geita, za shule, za mvua, za ng'ombe ambao hatunao. Nilijibu yote nikiwa chini, huku kanda zikiaga soli moja baada ya nyingine.

Niliingia kanisani nikiburuza mguu. Paskalina akaninong'oneza, akiuliza kama nimeumia. Nikamwambia leo natembea kwa unyenyekevu.

Wakati wa matoleo Mama alinipa sahani ya maharage niipeleke mbele. Nilikwenda. Kobazi la kushoto halikwenda. Lilibaki katikati ya njia. Nyuma yangu walikuwa wakija akina mama na maboga, mahindi na kuku wawili, na mmoja wao, kwa moyo safi, akaliokota na kuliweka kwenye kapu la vipaji. Misa yote iliyobaki lilikaa mbele ya altare, juu ya boga. Sijawahi kusali vile.

Baada ya misa, kama kawaida yetu, vitu vya matoleo hupigwa mnada uwanjani. Katekista Wiliam aliuza mahindi. Aliuza kuku. Kisha akainua kobazi juu kabisa. “Ndugu waamini! Kobazi! Jipya! La kushoto! Nani leo ameamka na mguu mmoja?” Uwanja ulilipuka. Mimi nilisimama kwa mguu wa kulia kama korongo, ule mwingine nimeuficha kwenye sketi. Sauti moja ikasema inalitaka. Hakuna aliyeshindana nayo. Mama Donatus.

Alituita kando ya ukuta. Akaligeuza. Akalowesha kidole gumba kwa mate na kusugua. Mishono yangu ikatoka, ikahamia kwenye kidole chake. Mama akasema, “Apolonia.” Neno hilo tu, na halikuwa refu tena. Shangazi alijishika ukutani kwa kicheko. Paskalina hakucheka. Alitazama pembeni, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa.

Ndipo Mama Donatus akaomba la kulia. Nikalivua. Alilitazama muda mrefu. Akalikanyaga soli, akazivuta kanda kwa mikono miwili mpaka mishipa ikamtoka. Halikusogea. Akasema, “Hili limeshonwa na fundi. Hili jingine limeshonwa na karani.” Kisha akasema kitu ambacho ningependa nisikiandike. Ningekuja misani na kobazi hili moja, na mguu mwingine mtupu, nikamwambia nimeishiwa muda, angenipa kigoda papo hapo.

Kigoda ni cha Paskalina. Makobazi yake yalipiga magoti yote na kurudi mazima. Nimempa mkono. Nilidhani nitaweza kutabasamu, na mwishowe niliweza, ingawa machozi yalinimwagika kwanza.

Lakini hayakuishia hapo. Mama Donatus alifungua mkoba wake akanitolea vipande vya ngozi, msharasi wa zamani, bonge la nta na uzi uliozungushwa kwenye kijiti. Vyangu! Akasema niende navyo Chato, nishone kushoto kama nilivyoshona kulia, na likizo ya Desemba atatafuta kigoda cha pili, hata kama itabidi yeye mwenyewe akae nje. Nilipiga goti kumshukuru. Nilikuwa peku, hakuna kilichopasuka.

Na Paskalina alivua makobazi yake akayabeba mkononi, akatembea nami peku mpaka nyumbani. Alisema anayapumzisha.

Shukrani: leo ni nyingi, karatasi itaisha. Kwa msharasi. Kwa Desemba. Kwa Paskalina, ambaye ni mtu mzuri kuliko nilivyomwandika.

Jumanne, 16 Juni, Chato

Tumefika jana. Ziwa ni kubwa. Dagaa ni wengi kuliko paka wote wa Nyasubi wangeweza kuota.

Asubuhi, kabla mchanga haujapata moto, nilikaa kwenye gunia nikaanza kutoboa kobazi jipya la kushoto. Uma, msharasi, sindano mbili. Linakwenda polepole na linakwenda vizuri. Wanawake wanaoanika dagaa na Shangazi walikusanyika kutazama. Mmoja, Mama Ngusa, alivuta kanda ya kobazi la kulia kwa nguvu zake zote, likakataa. Akapiga kelele kuwaita wengine. Saa za mchana mchanga huu unaunguza, na ndala zao zinayeyuka. Wakauliza kama huyu binti wa Kahama ni fundi. Shangazi akasema ndiye huyo. Mimi ni mtoto mwenye adabu, siwezi kumpinga shangazi yangu mbele za watu.

Wote wanataka makobazi. Wameomba yawe tayari Jumapili. Nimewakubalia wote. Nimewapima miguu wakiwa wamesimama, ili Mama Donatus ajue sikusahau.

Jioni nimekaa na kulitafakari kosa langu kwa uaminifu, kama Sista Bernadina anavyotaka. Nimelichunguza pande zote na nimelipata. Gundi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa magoti. Kwa hiyo leo kutwa nimewachunguza wanawake hawa kwa makini kabla ya kununua chupa ya gundi, na nimeridhika. Wakiwa kazini hawana muda wa kumpigia mtu goti. Wao wanachuchumaa tu, tangu asubuhi mpaka jioni, wanageuza dagaa, wanasogea, wanachuchumaa tena.

Shukrani: gundi inapatikana hapa dukani, na ni ya aina ile ile.